Kura ya chama kazini: Unalalamika kila mwisho wa mwezi, mbona huwanii?

Shangazi yangu ana daftari la kurasa 96, lile la watoto wa shule ya msingi. Ukilifungua hukuti insha wala hesabu. Unakuta majina. Jikoni, watu kumi na wanne. Bweni la wasichana, saba. Bustani, watano. Geti zamu ya mchana na geti zamu ya usiku amewaandika kurasa mbili tofauti kwa sababu, anavyosema, wa usiku ni watu wengine kabisa. Mbele ya kila jina kuna alama ya kalamu nyekundu: tiki, msalaba au kiulizo.

Yeye ni msafishaji wa mabweni katika chuo kimoja kati ya Mombasa na Malindi. Chuo chenyewe sikitaji, maana bado anakula mkate wake huko. Mwaka huu anawania ukatibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na hii ni mara yake ya pili. Mara ya kwanza, 2021, alibwagwa kwa kura sita.

Nilipomuuliza mbona anarudi, alinitazama kama niliyemuuliza mbona anapumua.

"Mwanangu," akasema, "wewe umewahi kuona mtu aliyeitwa ofisini peke yake anavyorudi?"

Nitakuja hapo. Kwanza nina neno na wewe.

Wewe uliyeajiriwa chuoni juzi juzi. Uko maabara, uko kitengo cha kompyuta, uko jikoni na cheti chako cha upishi, au ni mhadhiri kijana unayefundisha madarasa manne kwa mpigo na bado watu wanakuuliza kama wewe ni mwanafunzi. Kila mwezi mshahara ukichelewa, wewe ndiye wa kwanza kwenye kundi la WhatsApp. Vibonzo unavyo, maneno makali unayo, saa sita za usiku bado unaandika. Halafu tangazo la uchaguzi wa tawi linabandikwa ukutani, fomu zinachukuliwa na wale wale wazee, na wewe unapita pale ukienda kununua viazi karai.

Sikucheki. Mimi mwenyewe chuo niliacha mwaka wa pili. Mgomo ulikuja, ukaisha, ukaja mwingine, na kodi ya chumba haijui mambo ya mgomo. Nikarudi Kilifi, nikapata chumba Kibaoni, nikaanza kuandika haya mnayosoma. Wakati ule niliwachukia sana watu wa vyama. Niliona ni wao walionifungia darasa. Ilinichukua muda, na porojo nyingi za shangazi jioni, kujua kwamba darasa lilifungwa kwa sababu ya mkataba uliowekwa sahihi halafu pesa zake hazikutoka.

Chukua mgomo wa mwaka jana. Wahadhiri wa vyuo vya umma waliweka chaki chini tarehe 17 Septemba 2025 na wakarudi darasani tarehe 5 Novemba. Siku 49. Kilichokuwa mezani ni Sh7.9 bilioni za makubaliano ya pamoja ya zamani, yale ya 2017 hadi 2021. Hebu soma hiyo miaka tena. Mtu aliyeingia kidato cha kwanza makubaliano yale yakianza alikuwa tayari ni mhitimu wa chuo wakati pesa zinapiganiwa. Mwishowe serikali ilikubali kulipa kwa awamu mbili. Nani alikaa kwenye kile kikao? Watu waliochaguliwa. Na wale wa kitaifa huchaguliwa na wajumbe wanaotoka kwenye matawi, yaani njia ya kwenda kwenye ile meza inaanzia kwenye ule uchaguzi wa ukumbi wa chakula ambao wewe unauona ni wa wazee.

Kwa asiyejua, chuo cha umma hapa Kenya kwa kawaida kina vyama vitatu. Wahadhiri wako UASU. Makarani, watu wa maktaba, wa maabara na wengine wa utawala wako KUSU. Wapishi, wasafishaji, watunza bustani na wenzao wa ngazi za chini wako KUDHEIHA, chama ambacho pia ni cha watu wa mahotelini. Ndiyo maana ukienda Malindi au Watamu utakuta mhudumu wa hoteli ya ufuoni na mpishi wa chuo wana kadi ya chama kimoja, ijapokuwa mmoja msimu wa watalii ukiisha anatumwa nyumbani na mwingine hapana.

Sisi Kilifi chuo kikuu tunacho nyumbani. Chuo Kikuu cha Pwani kimesimama pale palipokuwa taasisi ya kilimo. Mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki cha Kenyatta, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Kwa mji huu si jambo dogo. Kiwanda cha korosho kilishakufa kitambo na waliokifanyia kazi bado wanakizungumzia kama marehemu wa familia. Kwa hivyo ajira ya chuo, hata ya kufagia, ni kitu ambacho watu wanakishika kwa mikono miwili. Na mtu anayeshika kitu kwa mikono miwili hana mkono wa kuinua kuuliza swali. Hapo ndipo chama kinapokuja, na hapo ndipo narudi kwa shangazi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwenzake wa bwenini aliitwa ofisini. Mashuka yalikuwa yamepungua stoo. Yule mama alienda na leso yake kiunoni na funguo mkononi, peke yake, akijua atajieleza na kurudi kumalizia korido ya pili. Ndani alikuta watu wanne na karatasi imeshachapwa. Aliambiwa atie sahihi. Akatia. Hakusoma, miwani ilikuwa bwenini. Wiki mbili baadaye hana kazi, na ile sahihi ndiyo iliyosemekana ni kukiri kwake.

Sasa, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema kabla mwajiri hajakuachisha kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, ni lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemchagua wewe akiwa amekaa hapo. Si hisani. Ni sheria. Yule mama hakuijua. Kibaya zaidi, katibu wa tawi wakati huo alikuwa hashiki simu, na alipopatikana alisema angepewa habari mapema angefanya kitu.

"Angepewa habari na nani?" shangazi akaniuliza, kana kwamba ni mimi niliyekuwa katibu. "Katibu ni wa kutafuta habari au wa kuletewa kama chai?"

Siku hiyo ndipo aliponunua daftari.

Nilijaribu kumwogopesha kidogo, si unajua sisi vijana. Nikamwambia, shangazi, ukiwania watakutafutia sababu. Yeye hakujibu, ila mimi nikaenda kusoma. Kifungu cha 46 cha sheria hiyo hiyo kinataja mambo ambayo hayawezi kuwa sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Kuwa mwanachama wa chama ni mojawapo. Na, sikiza hapa, kutafuta wadhifa katika chama nako kumetajwa. Yaani sheria imemfikiria hadi yule ambaye bado hajachaguliwa, yule anayezunguka tu na fomu. Katiba ya 2010, kifungu cha 41 (nambari ile ile, nadhani kwa bahati), inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho, kushiriki shughuli zake na hata kugoma.

Sikuambii kwamba kwa kuwa imeandikwa hakuna atakayekusumbua. Unaweza kuhamishwa zamu. Unaweza kupewa bweni la ghorofa ya nne na magoti yako unayajua. Ila kuna tofauti kati ya kuogopa kitu ambacho sheria inakiruhusu na kuogopa kitu ambacho sheria imekikataza.

Na kuna watu walioogopa kwa haki zaidi yetu wakaenda hivyo hivyo. Mwaka 1993 wahadhiri wa Kenya walitaka kusajili chama chao, UASU. Serikali ya Moi ikakataa. Wakagoma, mgomo ukavuka mwaka, na viongozi wao wakafutwa kazi, akiwemo mwenyekiti Korwa Adar na katibu Kilemi Mwiria. Chama kilikaa miaka kumi bila usajili. Kilisajiliwa 2003, Narc ilipoingia madarakani. Na yule Mwiria? Alikuwa ameshachaguliwa mbunge wa Tigania Magharibi, akawa waziri msaidizi wa elimu katika serikali hiyo hiyo. Mtu aliyefukuzwa chuo kikuu kwa sababu ya chama akarudi kwa mlango wa wizara.

Ukitaka wa huku kwetu Pwani, nenda nyuma zaidi. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waligoma kwa pamoja karibu wiki mbili. Mji ulisimama. Kiongozi aliyeibuka pale, Chege Kibachia, alikuwa hajafika miaka thelathini. Mwezi Agosti wakoloni wakamkamata na kumpeleka Kabarnet. Umri wake ule, wengi wetu bado tunaambiwa tungoje kwanza tukomae.

Haya, kazi yenyewe ya kuwania inakwendaje?

Kwanza chukua hati yako ya mshahara uisome kama unavyosoma ujumbe wa mchumba. Tafuta makato ya chama. Yapo? Kama hayapo, wewe huenda si mwanachama, hata kama unahudhuria mikutano na kupiga makofi. Nimesikia ya kijana aliyepiga kampeni mwezi mzima, amechapisha hadi fulana, na siku ya kuhakiki daftari la wapigakura jina lake halimo kwa sababu fomu yake ya uanachama ilibaki kwenye droo ya mtu. Fulana anavaa hadi leo akienda kuogelea Bofa.

Halafu omba katiba ya chama chako. Ya chama, si ya nchi. Sheria ya Mahusiano ya Kikazi ya 2007 inasema uchaguzi wa viongozi hufanywa kulingana na katiba iliyosajiliwa. Humo ndimo mlimo nani anaruhusiwa kuwania, umekaa uanachama muda gani, unahitaji wangapi wa kukupendekeza, notisi ni ya siku ngapi. Ukiambiwa katiba haipo ofisini, imepotea, iko kwa mwenyekiti na mwenyekiti amesafiri, basi umeshapata hoja yako ya kwanza ya kampeni. Sheria hiyo pia inataka viongozi wawe watu wanaofanya kazi, au waliowahi kufanya kazi, katika sekta ya chama chenyewe, na inamfungia nje aliyepatikana na hatia ya jinai ya ulaghai au udanganyifu. Hakuna mahali nilipoona imeandikwa uwe na mvi.

Vyama vingi nchini vilipiga kura 2021, na kwa kuwa mzunguko kwa kawaida ni wa miaka mitano, ndiyo maana 2026 hii kila ukumbi unanuka kampeni. Ukikosa sasa, hesabu mwenyewe utakuwa na umri gani 2031.

Kampeni ya tawi haifanani na ile ya akina MCA. Hakuna lori la muziki. Shangazi anaanza saa kumi na moja alfajiri jikoni, chai ikichemka na maandazi yakitolewa, maana mpishi hana muda mwingine. Geti la usiku huenda saa tatu, na hapo lazima mtu amsindikize, kwa hivyo mimi ndiye bodigadi. Nilichokiona ni kwamba haongei sana. Anauliza, "Wewe shida yako ni ipi?" kisha ananyamaza, anaandika. Mlinzi mmoja alimwambia habari ya buti. Miaka mitatu buti ni zile zile, mvua ya masika ikinyesha anaingia zamuni na mifuko ya plastiki ndani ya viatu. Kiulizo chake kikageuka tiki usiku ule ule, na shangazi hakuwa ameahidi buti. Alimwambia tu kwamba ataiandika kwenye ajenda na atamletea jibu, liwe zuri au baya.

Mpinzani wake ana mbinu yake. Soda, na wakati mwingine noti mbili tatu kwenye salamu. Na kuna ile nyingine ambayo watu wa Pwani tunaijua na hatupendi kuitaja kwa sauti: huyu ni wa hapa, yule ni wa bara. Huyu wa Kaloleni, yule wa Magarini. Bwanyenye mmoja alimwambia shangazi mbele yangu kwamba akina mama wana kiti chao cha mwakilishi wa wanawake, aende akakae huko kwa amani. Shangazi akamuuliza bweni la wavulana hufagiliwa na nani. Jamaa akacheka. Sijui kama alielewa.

Mimi jambo linalonikera zaidi kuliko soda ni vibarua. Vijana wengi mnaofanya kazi vyuoni ni wa mkataba wa miezi mitatu, mkataba unaisha Ijumaa unaanza Jumatatu, miaka inapita. Mnajiona hamna chama kwa sababu hamna barua. Lakini ile Katiba imesema kila mfanyakazi, haikusema kila mwenye barua ya kudumu. Na Sheria ya Ajira, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, ajira yake inahesabiwa kuwa ya mkataba wa mshahara wa mwezi. Ni viongozi wangapi wa tawi waliowahi kuwasomea hiyo? Mgombea wa kawaida hawafuati nyinyi kwa sababu hamko kwenye daftari la kura. Hamko kwenye daftari kwa sababu hakuna aliyewafuata. Shangazi mwenyewe nilimbana hapa. Ukurasa wa vibarua haukuwepo. Alikaa kimya, akageuza karatasi, akaandika "mkataba" juu na kupiga mstari chini yake. Mpaka naandika haya una majina tisa, yote kiulizo.

Siku ya kura ndiyo watu hulala. Usilale. Weka wakala wako, mtu anayejua kuhesabu na asiyekubali kutumwa maji. 2021 wakala wa shangazi aliitwa nje "mara moja" na aliporudi sanduku la zamu ya usiku lilikuwa limeshahesabiwa. Labda hesabu ilikuwa sawa. Kura sita, nani ajuaye. Matokeo yanapaswa kufika kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi ndani ya siku 14 baada ya uchaguzi, kwa hivyo kama una malalamiko, yaandike na uyapeleke mapema, usiyabebe kwenye vibanda vya mnazi. Ikifika kortini, si lazima uende Nairobi. Mahakama ya Ajira na Leba ina kituo Malindi, na nauli ya matatu kutoka Kilifi unaimudu.

Na ukishinda? Hapo ndipo wengi wetu hatutaki kusikia. Kiongozi wa tawi bado ana zamu yake ya kazi. Utapigiwa simu ukiwa unakula. Utaitwa msaliti siku ile utakayowaambia wanachama kwamba ofa iliyoko mezani ndiyo bora inayopatikana kwa sasa. Ukiwa mweka hazina utaulizwa kila shilingi, na una wajibu wa kujibu, kwa sababu mwanachama ana haki ya kukagua vitabu vya hesabu vya chama chake. Haki hiyo unayo hata leo kabla ya kuchaguliwa, kwa hivyo kama unashuku pesa zako, nenda uviombe. Sura watakayokukunjia itakueleza mengi.

Jumapili iliyopita nilimkuta shangazi barazani kwake Mnarani, mbaazi ziko jikoni, daftari liko mapajani. Upepo wa mtoni unageuza kurasa, naye anazirudisha. Nikamuuliza hesabu imefika wapi.

"Tiki arobaini na moja," akasema. "Misalaba ishirini na tisa. Hawa wengine ni waongo, wanamwambia kila mtu ndiyo."

"Kwa hivyo unashinda, shangazi?"

"Nilikuwa na hamsini mara ile."

Akafunga daftari, akaniuliza kama jioni nina kazi, maana geti la usiku wamebadilisha zamu na kuna watu wanne hajawaona.